Salamu za Kaskazi

Mie sina kipimajoto nyumbani. Joto la Unguja nalipima kwa salamu.

Mwezi wa saba, kusi ikivuma, jirani yangu wa mlango wa pili hunisalimia robo saa nzima: hujambo, watoto hawajambo, mama goti lake vipi, na yule mbuzi keshazaa? Ikiingia kaskazi inabaki "hujambo" peke yake. Mwezi wa pili ananyanyua nyusi tu. Jana, Machi hii na masika haijashuka, nimemtolea salamu akanitazama kama niliyekwenda kumdai.

Simlaumu. Hizo nyuzi 33 wanazozitaja redioni si neno. Neno ni unyevu wa bahari. Jasho hupoza mtu likikauka. Hapa likauke wapi, na hewa yenyewe imelowa? Linachururika mgongoni mpaka kiunoni, kanzu inakuganda, na mtu aliyegandwa na kanzu, yakhe, usimtanie.

Juzi kwenye daladala ya 505, mie huyu ninayesifiwa upole mtaa mzima, nimegombana na konda kwa shilingi mia. Toka Darajani mpaka Kiembesamaki, chenji yangu, chenji yangu! Mama wa nyuma akaniunga mkono, maana naye alikuwa na hasira zake tu, hazina pa kwenda. Kuja kushuka, nafungua kiganja nishike mlango, kumbe mia yenyewe hii hapa, jasho limeigandisha. Nikashuka kimya, nikajitia kutazama saa. Saa sivai.

Usiku ndiyo balaa. Feni moja, watu wawili. Mke wangu anataka izunguke, mie nataka initazame mie. Mwili haushiki usingizi mpaka upoe kidogo, na wangu unapoa zamu kwa zamu, sekunde tatu tatu! Saa nane umeme ukakatika, tukapatana papo hapo, tukaanza kuwalaani waliokata. Mama chumba cha pili akatukumbusha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja miezi mitatu bila ya umeme, na wao wakilala uani kwenye mkeka na kipepeo cha ukili. Tukanyamaza. Mkeka tunao; kipepeo tumekosa.

Leo asubuhi jirani kanikuta mlangoni. Hujambo? Watoto? Goti la mama? Mbuzi?

Nikamwambia feni siazimishi.