Euro Saba za Döner: Nani Alikuwa Akilipia Bei ya Zamani?

Mwezi Mei 2024 chama cha Die Linke cha Ujerumani kilipendekeza kwamba bei ya döner iwekewe kikomo: isizidi euro 4.90, na kwa vijana na wanafunzi iwe euro 2.50. Wapo waliolicheka pendekezo hilo, lakini Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, alikwisha kuulizwa na vijana habari ya bei hiyo mara nyingi kiasi cha kulazimika kueleza hadharani kwamba serikali haipangi bei za sokoni. Döner ni ndugu wa shawarma: nyama inayonyolewa kutoka mshikaki mkubwa unaozunguka mbele ya moto, ikashindiliwa ndani ya mkate pamoja na kabichi, nyanya, kitunguu na sosi. Miaka kumi iliyopita hapa Berlin ilinunuliwa kwa euro 3.50 au 4. Leo bei ya euro 7 haimshangazi mtu tena, bali humkasirisha. Lawama hiyohiyo imeifikia migahawa midogo ya Kichina, ile ya tambi za kukaanga, wali na bata, ambako menyu ya mchana iliyokuja na supu ilikuwa kimbilio la kila mwenye njaa na sarafu chache.

Lawama hizi zina msingi, na anayezidharau pengine hajawahi kuhesabu sarafu mbele ya kaunta. Katika barabara ya Müllerstraße, mtaani Wedding, karibu na ile njia iliyoitwa Petersallee na ambayo tangu Agosti 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee, duka la döner linafanya kazi anayoifanya mama ntilie kwetu. Aliyetoka zamu ya usiku anakula pale, mwanafunzi anakula pale, na aliyefika nchini mwezi uliopita anaagiza kwa kuonyesha kidole bila kuombwa sarufi ya Kijerumani. Posho ya msingi ya mtu mzima asiye na kazi, anayeishi peke yake, ni euro 563 kwa mwezi, kodi ya nyumba ikilipwa kando. Hiyo ni chini ya euro 19 kwa siku, na döner moja inameza zaidi ya theluthi yake. Kwa mtu huyo bei imemfungia mlango.

Hata hivyo malalamiko mengi ninayoyasikia hayatoki kwa mtu huyo, bali kwa watu wenye mishahara, nao hulinganisha 7 na 4 bila kulinganisha kitu kingine chochote. Kima cha chini cha mshahara kilipoanza kutumika nchini kote Januari 2015 kilikuwa euro 8.50 kwa saa. Tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Basi mwaka ule, mfanyakazi wa kima cha chini aliyenunua döner ya euro 4 aliitolea jasho la dakika 28, na kama aliipata kwa 3.50, dakika 25. Leo, kwa euro 7, anaitolea dakika 30. Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa nikidhani nimekosea, kwa sababu hasira iliyopo haifanani na dakika mbili, wala tano. Ni kweli kwamba kodi ya nyumba nayo imepanda, na hizo dakika chache zinamkuta mtu akiwa amekwisha kubanwa kwingine. Lakini atakayesema kwamba muuzaji amejitajirisha kwa mgongo wa mlaji hana budi kutuonyesha utajiri huo uko wapi, kwani kijana anayenyoa nyama nyuma ya kaunta naye anastahili hizo 13.90, na moto wa gesi unawaka mbele ya mshikaki tangu asubuhi, wateja wawepo wasiwepo.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: ile bei ya zamani nani alikuwa akiilipia? Waturuki walianza kuja kwa wingi kufuatia mkataba wa Oktoba 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki, ulioleta vibarua wa viwandani. Novemba 1973 Ujerumani Magharibi ikasitisha uandikishaji wa vibarua wa kigeni, na katika miaka iliyofuata waliopoteza kazi za viwandani wakatafuta la kufanya; wengi waliliona katika chakula. Kadir Nurman, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuiuza döner ndani ya mkate mwaka 1972 karibu na stesheni ya treni ya Zoo hapa Berlin (wapo wanaobisha, na ubishi wao una hoja), hakuchukua hataza yoyote, kwa hiyo kila mwenye kisu na mshikaki aliweza kujaribu. Ushindani ukawa mkali, bei ikashuka, na pengo likazibwa na familia: mke akikata kabichi, binamu akisimama kaunta hadi saa tisa za usiku, mtoto akifanya hesabu za shule kwenye meza ya pembeni na kuinuka kila mteja anapoingia. Saa hizo hazikuandikwa popote. Mtoto yule akipata kazi ya ofisini, nafasi yake inajazwa na mtu wa kulipwa kwa saa, na malipo hayo lazima yaonekane kwenye kibao cha bei.

Kwa Wachina mambo ni magumu zaidi, ingawa hayazungumzwi. Mgahawa wa kwanza wa Kichina mjini Berlin ulifunguliwa mwaka 1923 katika Kantstraße, mtaa ambao hata leo una migahawa mingi ya Asia, kwa hiyo chakula hiki si mgeni wa jana. Mpishi anayeletwa kutoka China kwa kibali cha upishi wa asili hupewa hadi miaka minne, kisha kwa kawaida hutakiwa kurudi kwao, na mwenye mgahawa anaanza upya kutafuta, kugharamia na kufundisha. Upishi wenyewe unadai mtu anayeweza kusimama mbele ya karai juu ya moto mkali mchana kutwa. Pamoja na hayo, sahani ya tambi zilizokaangwa na nyama na mboga ikifika euro 12 watu wanaguna, ilhali tambi za Kiitaliano zenye nyanya na majani mawili ya mrehani zikiuzwa kwa bei hiyohiyo au zaidi, hakuna anayemwandikia Kansela. Unga ni unga. Tofauti iko kichwani mwa mlaji, aliyekwisha kuamua ni mikono ya nani inayostahili kulipwa na ni ya nani inayopaswa kumshukuru kwa kuja.

Bei ya chini nayo ina matokeo yake ndani ya mkate. Miongozo ya chakula ya Ujerumani inaruhusu nyama ya kusaga isiyozidi asilimia 60 katika kitu kinachoitwa döner kebab. Ikizidi hapo, lazima kiuzwe kwa jina jingine. Ukikuta bei ya kushangaza kwa uchache wake, kisome kibao kwa makini kabla hujafurahi. Na kiangazi cha 2025 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza mishikaki hii, katika jimbo la Baden-Württemberg, waligoma kudai mishahara bora, jambo lililowakumbusha walaji kwamba hata kabla nyama haijafika dukani kuna watu waliosimama kwenye baridi wakiipanga pande kwa pande.

Yapo yanayoweza kupunguzwa bila kumkamua mtu. Tangu Januari 2024 mteja aliyekula mezani alitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, na aliyebeba mkate uleule hadi kituo cha basi asilimia 7. Januari 2026 chakula cha mezani kikarudishwa kwenye 7. Nafuu hiyo iliwekwa mikononi mwa wenye migahawa bila sharti la kushusha bei, na anayelalamika kwamba kibao hakikubadilika ana haki ya kuuliza, ingawa kwa döner inayonunuliwa na kubebwa nafuu hiyo haikuwahi kuwepo, kwa kuwa kodi yake ilikuwa 7 wakati wote. Msaada wenye maana kwa yule wa euro 19 kwa siku ni kuiongeza posho yake, ili achague mwenyewe ale wapi. Hata Die Linke, kwa kichekesho chao chote, walitaka hazina ya serikali ndiyo ifidie tofauti ya bei. Hawakudhani kwamba mke wa mwenye duka ataifidia tena kwa kukata kabichi bure.