Kanda za VoK: Nani Anafaidika Tukizidi Kungoja?

Kila anapotokea mtu kupendekeza vipindi vya zamani vya Sauti ya Kenya (VoK), kituo cha serikali ambacho leo ni KBC, virudishwe hewani, hujibiwa mambo mawili, na yote huja upesi. La kwanza ni kejeli: hawa ni wazee wanaotamani ujana wao, wapeni video chache mtandaoni watulie. La pili lina uzito: mtarusha jasho la watu waliolipwa kidogo wakati ule, na leo hawatalipwa hata senti. Hili la pili naliheshimu, na waliolitoa si maadui wa sanaa. Ila limegeuka kuwa sababu ya kuacha kanda zikae rafuni, na kanda zikikaa rafuni kuna anayefaidika, naye si mwigizaji.

Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tushauriane: aliyekulia Kenya hahitaji kusimuliwa. Aliyezaliwa baadaye aambiwe tu kwamba mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990 nchi ilikuwa na kituo kimoja cha runinga. Kilichoonyeshwa jioni ndicho kilichozungumzwa asubuhi ndani ya matatu, sokoni na ofisini, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Wanaokejeli wana hoja hapo. Huenda tulivipenda kwa kukosa chaguo. Namna pekee ya kujua ni kuvitazama tena, jambo ambalo kwa sasa halifanyiki ila kwa vipande vya dakika kumi kumi vilivyonakiliwa na watu binafsi kutoka kanda za nyumbani, picha ikirukaruka na sauti ikimezwa.

Nivitetee basi kwa kile kilichomo. Chukua Vioja Mahakamani, ambacho hadi leo hakijafungwa lakini miaka yake ya mwanzo haionekani. Mandhari ni moja kila wiki: hakimu juu, mwendesha mashtaka kando, askari, mshtakiwa kizimbani. Kamera haina pa kwenda. Mshtakiwa anasomewa shtaka dogo, tuseme wizi wa kuku, anaulizwa kama ni kweli au si kweli, naye anaanza kumweleza mheshimiwa jinsi kuku mwenyewe alivyokuwa na tabia ya kutangatanga. Anakatizwa. Anaomba msamaha kwa heshima zote, anainamisha kichwa, kisha anarudi kwa kuku palepale alipoachia. Watu kama Makokha na Ondiek Nyuka Kwota waliweza kulivuta jambo la namna hiyo mpaka mwisho wa kipindi bila kicheko kuwaponyoka. Hakuna gari linalopinduka, hakuna muziki wa kukuonyesha pa kucheka. Ni ulimi, uso na muda.

Na sehemu kubwa ya maneno yale yalizaliwa palepale studioni. Waigizaji walipewa kisa na mwelekeo, mengine wakayatunga wakitazamana, na ukiwa makini utawaona wakidakiana sentensi na kugongana maneno kama watu wanaozungumza kweli. Hili halizungumzwi vya kutosha. Tamthilia iliyoandikwa, hata ikisahaulika miaka 40, inaweza kuchapishwa upya na wanafunzi wakaigiza. Kichekesho kilichotungwa mbele ya kamera hakina muswada. Kanda ndiyo maandishi yake. Ikifutwa, ikioza, au ikifungiwa mahali asipofika mtu, hakibaki kitu cha kurithi; kinabaki kizazi cha watu wanaosema "kulikuwa na jamaa mmoja alikuwa akichekesha sana" bila kuweza kumwonyesha mjukuu alichekesha vipi. Tuna idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zinazochambua riwaya na mashairi kwa makini. Kiswahili cha kubuni cha Nairobi, cha Mluhya na Mjaluo na Mkamba wakikutana mahakamani na kila mmoja akikipinda kivyake, kiko kwenye kanda hizo kuliko kwenye kitabu chochote ninachokifahamu.

BBC walifuta kanda zao nyingi miaka ya 1960 na 1970 ili wazitumie tena, na baadhi ya sehemu za tamthilia yao ya Doctor Who walizozifuta zikapatikana Nigeria, katika mji wa Jos, sehemu 9 zilizotangazwa mwaka 2013. Zilipona kwa sababu nakala ziliuzwa nchi za nje. Vichekesho vya studio ya Nairobi havikuwa na soko la ng'ambo la kuwaachia watu nakala za akiba.

Sasa lawama. Inasemwa kwamba vipindi hivyo viliishi kwa mzaha wa lafudhi, na kwamba katika nchi iliyopita kwenye moto wa ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008 si busara kurudia mchezo wa kumcheka mtu kwa anavyotamka maneno. Ni hoja ya kweli, na kuna vipande ambavyo ningeona haya kuvitazama na mgeni. Lakini mtazame Mzee Ojwang mwenyewe, nyota wa kichekesho cha Vitimbi. Aliyekuwa nyuma ya ile miwani mikubwa na lafudhi ya Kijaluo alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Katika miaka ambayo siasa za makabila hayo mawili zilikuwa kidonda kibichi, Mkikuyu aliigiza Mjaluo kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi walijua ukoo wake halisi baadaye sana, na wengine waligoma kuamini. Je, huo ni ubaguzi au kinyume chake? Mtu anaweza kusema ni vyote viwili kwa zamu, kutegemea kipindi. Ndiyo maana naona ubishi huu ufanywe watu wakiwa wametazama, siyo kwa kukumbuka.

Mzaha wa kumpiga mke nautetea kidogo zaidi, yaani siutetei kabisa. Upo, na haukuwa nadra. Vilevile kituo kilikuwa cha serikali, na mara nyingine unausikia ujumbe wa chama tawala ukiingia kwenye mchezo bila kubisha hodi. Vipindi vya aina hiyo vinaweza kupangwa usiku, vikatanguliwa na maneno ya dakika mbili kutoka kwa mtu anayejua wakati ule, na vingine vikaachwa maktabani kwa watafiti. Kurudisha hewani hakumaanishi kumwaga kila kitu saa moja jioni watoto wakiwa mezani.

Hofu ya watengenezaji wa leo ni ya aina nyingine. Kanuni zinavitaka vituo vya Kenya virushe asilimia 40 ya maudhui ya nchini, na mzalishaji kijana anajiuliza: kituo kikigundua kwamba kinaweza kujazia muda huo kwa kanda za bure kutoka rafuni, kwa nini kininunulie tamthilia mpya? Siwezi kumwambia hofu hiyo haina msingi. Wenye vituo tunawajua. Dawa yake ni kwamba kanda za rafuni zisiwe za bure, na hapo ndipo ninapokutana uso kwa uso na wale wa hoja ya malipo.

Wao wanasema: msirushe mpaka suala la mrabaha, yaani malipo ya mwigizaji kila kazi yake inaporushwa, limalizwe. Wanamkumbuka Mzee Ojwang, ambaye Wakenya walichangishana kwa simu ili atibiwe macho, na aliyefariki Julai 2015 akiwa mmoja wa watu waliojulikana zaidi nchini. Ni aibu iliyotuingia sote, na anayetaka isirudiwe yuko upande wangu. Tofauti yetu iko kwenye saa inayopigwa.

Saa ya kwanza ni ya kanda. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba chochote kilichoko kwenye utepe wa sumaku na hakijahamishiwa dijitali ifikapo 2025 kiko hatarini kupotea, na UNESCO baadaye ikapiga mbiu hiyohiyo duniani kote. Si kwamba kanda zote zingekufa usiku mmoja. Gundi inayoshika chembe za sumaku hulegea, lakini kinachotangulia kufa ni mashine ya kuzisomea, vipuri vyake, na fundi anayejua kuzisafisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa kanda pana za studio hali haiwezi kuwa nafuu. Mwaka huo wa 2025 umeshafika.

Saa ya pili ni ya sheria, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kufikishwa kwa umma. Haki za mwigizaji nazo ni miaka 50 tangu uigizaji wake uliponaswa. Fanya hesabu. Kipindi kilichorekodiwa na kurushwa 1978 kinatoka chini ya ulinzi mwisho wa 2028. Cha 1985, mwisho wa 2035. Kila tunaposema tungoje kwanza tukubaliane kuhusu malipo, kuna mwaka mmoja wa kazi za watu hao unaoingia kwenye mali ya umma, ambapo hakuna tena wa kudai. Kituo chenye subira hakina haja ya kukataa kulipa. Kikae kimya tu. Baada ya muda kitarusha bure, kwa haki kamili, na sisi tutapiga makofi kwamba hatimaye turathi imerudi.

Uone ilivyo kinyume: wanaosema msirushe bila malipo wanadhani wanamlinda mwigizaji, kumbe kungoja kunamlinda mwenye kanda. Mwigizaji aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1980 ana 75 au zaidi. Hana miaka 10 ya kusubiri kamati. Mrabaha wa kipindi kilichorushwa mwaka huu, hata ukiwa mdogo, anaweza kuutumia kununua dawa. Haki nono ikikamilika baada ya ulinzi kuisha, mtoto wake hatakuwa na mlango wa kubisha hodi.

Ningesema pia neno kuhusu mtandao, maana kila mjadala huu huishia na mtu akisema "viwekeni YouTube tu". Viwekwe, sawa. Lakini mtazamaji aliyevipenda zaidi vipindi hivi yuko kijijini, na bando lake la wiki ni la WhatsApp na kupokea picha za wajukuu. Runinga ya bure bado ndiyo inayomfikia. Tena ratiba ya hewani ina uzito wake: kipindi kikirushwa kila Jumamosi saa fulani, tangazo linauzwa, hesabu inaandikwa, na malipo yana pa kushikia. Video iliyopakiwa na asiyejulikana inamlipa aliyepakia.

Tushauriane inanifaa kuongeza jambo moja. Mchezo huo wa 1987 ulibeba ujumbe wa uzazi wa mpango, katika nchi ambayo wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970, ukashuka hadi 6.7 mwaka 1989 na 5.4 mwaka 1993. Wapo wanaoipa michezo ya redio na runinga sehemu ya sifa hiyo. Mimi nadhani shule za wasichana na bei ya maisha vilifanya kazi kubwa zaidi. Tanzania walijaribu kupima: Twende na Wakati ya Radio Tanzania ilipoanza 1993, kituo cha Dodoma hakikuirusha kwa miaka 2 ili watafiti walinganishe, na makala zikachapishwa kuhusu Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Leo ni rahisi zaidi kupata makala hizo za Kiingereza kuliko kusikia sehemu moja ya mchezo wenyewe. Dar es Salaam wana deni la namna hiyo pia kwa kundi la maigizo la Kaole na michezo ya kituo cha ITV cha huko ya miaka ya mwanzo, walimopita kina Steven Kanumba kabla hawajawa nyota wa filamu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo kuliko kelele zinazolizunguka. Vianze kurushwa vile ambavyo waigizaji wake bado wako hai, kwa kiwango cha malipo kilichotangazwa hadharani kwa kila urushaji, hata kama ni kiwango cha muda kitakachopandishwa baadaye. Kisikubalike kisingizio kwamba mikataba ya zamani haipatikani. Mkataba usiopatikana unawahusu wote wawili, kituo na mwigizaji.

Kabla ya fundi kugusa kanda yoyote kuna kazi nyingine ya kufanya. Majina mengi tunayoyajua ni ya jukwaani. Benki haimlipi Masaku wala Othorongongo, humlipa mwenye kitambulisho. Mastaa watatambuliwa, lakini yule askari wa mahakama, yule shahidi aliyesema maneno matatu, yule jirani aliyepita na sufuria, wanaojua majina yao halisi ni waigizaji wenzao waliobaki. Waitwe sasa, walipwe posho ya siku, wakalishwe mbele ya kanda, na mtu akae kando yao na kalamu.