Pikapu Ilipanda, Difu Ikabaki Chini

Katikati ya njia ya kuelekea shambani kwetu limo jiwe lenye umbo la mgongo wa kobe, na kwa muda mrefu jiwe hilo na pikapu yangu vilikuwa na ugomvi ambao gharama zake nilizilipa mimi. Kila nilipopita nilisikia kishindo chini ya sakafu, nikafumba jicho moja kama mtu anayechomwa sindano, kisha nikaendelea na safari huku nikijiambia kwamba gari lenye injini ya silinda 8 na upana unaokaribia mita 2 haliwezi kutishwa na jiwe. Siku moja nilishuka kuchungulia, nikaona kibao cha kupandia cha upande wa kulia kimekwaruzwa, na papo hapo nikatoa hukumu: gari liko chini mno, ni lazima liinuliwe.

Nilichukua tepu nikapima kutoka ardhini hadi kwenye kibao, nikapima hadi kwenye bampa, nikapima hadi kwenye ukingo wa madigadi, na namba zote nikaziandika kwa mwandiko mzuri. Mahali pekee ambapo sikupima ni chini ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaoshika magurudumu, kwa kuwa kupafikia kulitaka nilale chali mavumbini, nami siku hiyo nilikuwa nimevaa shati jeupe. Naomba msomaji alikumbuke shati hilo, maana ndilo chanzo cha yote yaliyofuata.

Fundi alinisikiliza kwa adabu. Alipoanza kunieleza habari za ekseli nilimkatiza, kwa sababu mteja mwenye karatasi ya vipimo hapendi kufundishwa, nikamwambia kwamba nataka inchi 3 kati ya bodi na chasisi, ile fremu ya chuma inayoibeba bodi. Alifungua bolti za bodi, akachomeka vipande vya plastiki ngumu vinene kama makopo ya maziwa, akafunga bolti ndefu zaidi, na jioni pikapu ikasimama kwa maringo. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu ilifanana na mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake, kwani kati ya bodi na bampa palikuwa na uwazi ambao ungeweza kuona nyumba ya jirani upande wa pili.

Nilipowasha injini ilitoka sauti ya mashine ya kusaga. Rejeta na kava la feni hufungwa kwenye bodi, ilhali feni yenyewe imeshikwa na injini, na injini imekaa kwenye chasisi. Kwa hiyo kava lilikuwa limepanda inchi 3, feni imebaki ilipokuwa, na sasa ilikuwa ikilitafuna kava hilo kwa bidii. Fundi alilishusha kava, akarekebisha na fimbo ya usukani iliyokuwa imevutwa hadi mwisho, kisha akanitazama kwa macho ya mtu anayesubiri kuulizwa swali. Sikuuliza.

Badala yake niliagiza inchi 2 nyingine, safari hii kwenye springi. Mbele aliongeza vipande vya chuma juu ya springi, na nyuma akaweka vitalu kati ya ekseli na springi za vyuma bapa, akavifunga kwa yubolti mpya. Jumla ikawa inchi 5, yaani takriban sentimita 13, na namba hiyo niliitaja mbele ya kila aliyenisalimia. Mke wangu hakuweza tena kupanda bila kigoda, na kwa kuwa kigoda kilipaswa kuchukuliwa baada ya kupanda, ilibidi mimi nizunguke kukiokota kila tulipoondoka. Taa za mbele, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzishusha, ziliwamulika madereva wengine usoni hata wakaniwashia zao kwa hasira. Kwenye kona gari liliinama kama mzee anayetafuta miwani, na nilipokaribia mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sakafu ilitetemeka kwa sababu pembe ya propela, ile fimbo inayopeleka nguvu za injini nyuma, ilikuwa imebadilika. Nilimweleza mke wangu kwamba mtetemo huo ni nguvu za injini.

Siku ya kulikabili jiwe nilimwalika shemeji yangu aje na kamera. Alifuata nyuma na kigari chake kidogo ambacho tumbo lake karibu liguse ardhi, na nilipofika mbele ya lile jiwe nilifungua dirisha nikampungia mkono kwa heshima zote za mtu aliyeko juu. Sikulikwepa. Nililiweka katikati kabisa ya magurudumu, kama nilivyozoea, nikasonga polepole, kibao kikapita bila kugusa, nikaanza kucheka. Kicheko hakijaisha, kikaja kishindo kile kile, tena kirefu zaidi, na gari likasimama. Nilikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakazunguka na kurusha changarawe, lakini gari halikusogea, kwa sababu uzito wa nyuma ulikuwa umekalia difu, na difu ilikuwa imelikalia jiwe.

Nilichukua jeki, nikajaribu kuiweka chini ya chasisi. Ilipanda hadi mwisho wa uwezo wake na bado palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Shemeji aliniangalia, akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe mawili, akaichukua jeki, akalala chini na kuisukuma chini ya ekseli. Ilienea sawasawa.

«Shemeji,» aliniita kutoka uvunguni, «mbona huku jeki inaingia vile vile kama zamani?»

Nilimwambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa gari limepanda sentimita 13. Alinyoosha mkono, akaomba tepu, akapima kutoka ardhini hadi chini ya ekseli, akasoma namba, kisha akanieleza kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi kwamba ekseli imeshikwa na magurudumu, magurudumu yamekanyaga ardhi, na kila nilichoongeza nimekiongeza juu yake.

«Kwa ufupi, shemeji, wewe umevaa kofia ndefu ili usijikwae kidole.»

Alinyanyua upande mmoja, tukapanga mawe chini ya gurudumu, tukafanya hivyo hivyo upande wa pili, na difu ikaachana na jiwe. Niliporudi nyuma kwa haraka ya kutaka aibu iishe, nilishuka kwenye mawe yetu vibaya, na ukingo wa chini wa mfuniko wa difu ukagonga. Mafuta yalianza kuchuruzika, mazito na yenye ile harufu ya kiberiti ambayo haitoki mikononi kwa sabuni ya kawaida. Nilikinga kopo chini, na katika kukinga nikalala chali mavumbini. Nilikuwa nimevaa lile shati jeupe, kwa ajili ya picha.

Shemeji aliingia kwenye kigari chake, akapita kando ya jiwe kwa wembamba wake bila kugusa chochote, akageuza, akarudi kunichukua.

Vile vipande vya plastiki vilitolewa. Inchi 2 za springi nimeziacha, kwa kuwa zimenipa nafasi ya kuvalisha tairi za inchi 33 mahali pa zile za inchi 31, nazo tairi ndizo pekee zilizoipandisha difu: nusu ya nyongeza ya kipenyo, inchi 1 tu, kutoka sentimita 22 hadi karibu 24 na nusu. Spidomita sasa inanidanganya, kwani ikisoma 100 mimi niko kwenye 106 hivi. Vibao vya kupandia nimeving'oa, na jiwe nimejifunza kulikanyaga kwa tairi la kulia badala ya kulipitisha katikati, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo bila kufungua bolti hata moja.

Juzi mke wangu alikaa juu ya kigoda chake uani, tepu mkononi, akisoma karatasi yangu ya vipimo pamoja na stakabadhi za fundi. Alitoa 22 kwenye 24 na nusu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kila sentimita imegharimu kiasi gani. Nilikuwa nimeshaufikia ufunguo. Nikawasha injini, nikainama kuisikiliza feni kwa makini sana.