Uzuri wa Uwazi Uko Ukingoni

Ukitoka Mbeya kwenda Chunya, barabara inapanda milima hadi mahali ambapo ghafla tambarare ya Usangu inajifungua chini yako. Watu hushuka kwenye magari, wakatazama, wakapiga picha. Tambarare hiyohiyo ukiipita kwa chini, kwenye barabara kuu pale Igurusi, ni nadra kuona gari limesimama kwa ajili ya mandhari. Kule juu uwazi una ukingo, jicho linajua pa kuanzia. Huku chini hauna kichwa wala miguu.

Ndiyo maana siafiki dhana kwamba eneo kadiri lilivyo wazi ndivyo linavyopendeza. Mwanajiografia wa Uingereza, Jay Appleton, alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona mbali huku mwenyewe amejihifadhi. Wanasaikolojia wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, wakaongeza mvuto wa fumbo: njia inayopinda, ukingo unaoficha kidogo kilicho mbele. Katazame Mufindi, mashamba ya chai yanavyoingia na kutoka kando ya msitu wa asili. Kila kona inakuvuta uone upande wa pili kuna nini.

Lakini umbo la ardhi halimalizi hoja. Uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, una mikunjo ileile Agosti na Februari, ila wageni hufunga safari majira ya maua, kati ya Novemba na Aprili. Rangi imeshinda hapo. Hoja nzito zaidi ni ya mfugaji wa Usangu: yeye anaona malisho na maji kwanza, na uzuri anaouona umefungamana na mvua na ng'ombe wake. Hakuna nadharia ya ukingo itakayomwambia anakosea.

Hata hivyo, umbo ndilo tunaloliharibu kwa mikono yetu. Miti ya mbao aina ya misindano inalipa, imesomesha watoto Mufindi na Njombe, na simwambii mtu asipande. Kinachoniuma ni kupanda kwa mistari iliyonyooka hadi kando ya barabara na hadi kijitoni, miaka michache baadaye msafiri haoni ila vigogo kulia na kushoto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 tayari inataka mita 60 kutoka kingo za mito ziachwe bila shughuli za kudumu. Mita hizo zikiheshimiwa, na mpaka wa shamba ukafuata mkunjo wa kilima, bonde linabaki wazi na mwenye miti bado anavuna mbao zake.