Chumvi ndiyo iliyoinunua dhahabu ya Mali

Jina la Mansa Musa, mfalme wa Mali wa karne ya 14, likitajwa mtandaoni, haipiti dakika mtu hajauliza alikuwa na dola bilioni ngapi na kama angewashinda matajiri wa leo. Mimi mjadala huo umenichosha. Dhahabu ya Bambuk, eneo la machimbo Afrika Magharibi, ilikuwa imeshaitajirisha dola ya kale ya Ghana muda mrefu kabla Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali, hajashinda vita vya Kirina mwaka 1235. Swali zito zaidi ni kwa nini watu walikubali kuvuka Sahara kuifuata, na kwa nini faida ikaishia mikononi mwa Mali.

Tuanze na chumvi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Taghaza, machimbo ya chumvi ndani ya Sahara, mwaka 1352, mwendo wa siku 25 kutoka Sijilmasa, mji wa Morocco ukingoni mwa jangwa. Alikuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Mti hakuna. Wakazi walikuwa watumwa wa Wamasufa, Waberberi wa jangwani, wanaichimba chumvi ardhini, na chakula chao ni tende za kaskazini, nyama ya ngamia na nafaka iliyotoka kusini. Ngamia mmoja alibeba mabamba mawili. Walata, mji wa Mali ukingoni mwa jangwa, mzigo huo uliuzwa mithkali (kipimo cha uzito) 8 hadi 10 za dhahabu. Ukifika mji mkuu wa Mali bei ilikuwa 20 hadi 30, na pengine hata 40. Chumvi ni ile ile, umbali ndio ulioongeza bei. Huko kusini vipande vyake vilitumika kama fedha.

Sasa tazama ramani. Ngamia ni mfalme wa jangwa, lakini ukimpeleka kusini penye unyevu na mbung'o atakufa. Basi mzigo sharti ushushwe mahali fulani, upakiwe kwenye punda, mitumbwi au vichwa vya watu. Mto Niger nao unapanda kaskazini hadi kugusa ukingo wa jangwa kabla ya kugeuka, na Timbuktu iko jirani na hapo. Mwenye kushika eneo hilo hana haja ya kuchimba chochote. Anakaa na kutoza ushuru. Ghana walishaonyesha njia: al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia, katika karne ya 11, aliandika kwamba mfalme alitoza dinari moja kwa kila punda wa chumvi aliyeingia, na mbili kwa aliyetoka.

Jambo linalonivutia kuliko yote liko kwa al-Umari, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 14. Anasema watawala wa Mali waliona kwamba kila walipouteka mji wa wachimbaji na kuueneza Uislamu humo, dhahabu ilipungua hadi ikatoweka, huku ikiongezeka kwa majirani wasio Waislamu. Wakaacha. Wakawaachia wachimbaji dini yao na kupokea kodi tu. Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa kuliko ile ya Mansa Musa kumwaga dhahabu Kairo akielekea Hija mwaka 1324 mpaka bei yake ikashuka, kisha Musa huyo huyo akakopa kwa wafanyabiashara wa huko ili arudi kwao!

Kilwa, ambako Ibn Battuta alipita mwaka 1331, iliishi kwa hesabu hiyo hiyo: dhahabu ilichimbwa mbali bara, ikateremka Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, na masultani wakala ushuru wa bandari.

Tusiipambe biashara hii kupita kiasi, hata hivyo. Msafara aliorudi nao Ibn Battuta kutoka Takedda, mji wa biashara kusini mwa Sahara, mwaka 1353 ulikuwa na watumwa wa kike wapatao 600, wakivushwa jangwa lile lile.

Utajiri wa kukaa njiani una hatari yake: njia inaweza kuhama. Watuareg, wafugaji wa jangwani, waliitwaa Timbuktu mwaka 1433, na dola jirani ya Songhai ikaichukua mwaka 1468. Kisha mwaka 1482 Wareno wakajenga ngome Elmina, kwenye pwani ya Ghana ya leo, na sehemu ya dhahabu ikaanza kuteremka kusini, baharini, ambako hakuna mtoza ushuru wa Saheli, ukanda wa kusini mwa Sahara, aliyeweza kuifikia.