Sio TikTok, ni ile list ya michango

Siku hizi kila mtu anaongelea TikTok inavyoharibu akili za watoto, sikatai, ila na sisi wazee wa WhatsApp tusemwe jamani, maana mimi kilichoninyima usingizi mwezi uliopita sio mtu anakata mauno kwenye video, ni group la michango ya harusi.

Niko kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, simu ikatetemeka kwenye mkoba. Hata sijaitoa nishajua. Nafungua, list mpya. Namba 31, jina langu lote mpaka la babu, ahadi 100,000, mbele yake patupu. Juu yangu tiki ya kijani, chini yangu tiki ya kijani, mimi hapo katikati ndo pengo. Mweka hazina anaibandika asubuhi, mchana na usiku kama dozi.

Zamani ilikuwa kadi, unaiweka juu ya kabati, ukikutana na mwenyewe njiani unamwambia bado najipanga, anacheka, mnaachana. Aibu yenu wawili. Sasa hivi mpaka mtu niliyemaliza naye la saba, sijamuona miaka, anajua sijalipa.

Na hata kusema "sijaona" imekufa tangu WhatsApp walete tiki za bluu 2014. Utasema zizime, ndio, zinazimika kwenye meseji za mtu na mtu, kwenye group hazizimiki, admini akibonyeza meseji yake anaona nani kasoma. Nikasema basi natoka, si 2022 waliruhusu utoke kimyakimya bila kutangazwa? Walituruhusu, ila admini anaona. Na admini ni shangazi yangu.

Nikazima mlio. Ndo nikaharibu kabisa, maana sasa haiiti ila mimi ndo naifuata, naamka saa tisa usiku kwenda chooni napitia list kwanza, moyo unaenda kama nimekimbizwa, nikirudi kitandani nahesabu nani kabaki na mimi, tulikuwa sita, tukawa wanne. Bongo ukimwambia mtu afya ya akili anawaza hospitali ya Mirembe tu, mtu kavua nguo barabarani. Hii ya kuogopa simu yako mwenyewe hatujaipa jina, tunaiita mawazo, unaambiwa kanywe maji ulale.

Hiyo laki niliilipa, nilikopa. Halafu nikaenda kwenye setting nikabadilisha, mtu asiniongeze kwenye group mpaka anitumie link nikubali mwenyewe.

Jana shangazi kapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama, hivi simu yako ina nini? Kuna kigroup cha send-off ya mdogo wako nakuongeza inakataa."

Nikamwambia itakuwa mtandao, shangazi.