Nakimbia kwa ajili ya elimu, lakini hela iende kwenye sufuria

Mtu akisema anakimbia marathoni kuchangia elimu ya watoto, picha inayokuja kichwani ni moja: madawati mapya yamepangwa kwenye uwanja wa shule, utepe mwekundu, mgeni rasmi, na bango lenye nembo za wafadhili. Mimi najiandaa na marathoni ya Julai hapa Dodoma, nachangisha kwa ajili ya watoto wa shule za msingi za vijijini, na picha hiyo ndiyo ninayogombana nayo. Sina ugomvi na madawati yenyewe. Nasema tu kwamba kwa mkoa huu, na kwa majira tunayochangisha, shilingi ya mkimbiaji itafanya kazi kubwa zaidi ikinunua mtama wa uji.

Nianze na kuomba hela, maana ni kugumu kuliko kukimbia. Watanzania tunajua kuchangishana. Mtoto wa jirani wa mtu unayefanya naye kazi akitaka kuoa, kamati itaundwa, atapatikana mwenyekiti na mweka hazina, na kundi la WhatsApp litabandika kila jioni orodha ya waliotoa na waliobaki na ahadi. Hakuna anayeuliza pilau itadumu miaka mingapi. Sasa omba hela ya watoto wa shule, uone watu wanavyogeuka wakaguzi wa hesabu. Si elimu ni bure siku hizi? Hiyo si kazi ya serikali? Na wewe dada, kwa umri huo, unakimbilia wapi?

Kaka mmoja wa ofisini aliniuliza kama nimeshakuwa Simbu. Nikamwambia Simbu ni wa Singida, hapo jirani tu, kwa hiyo asishangae sana. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kukimbizana kwa zaidi ya saa mbili. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, ni mzaliwa wa Dodoma hii hii. Kanda ya Kati haijawahi kupungukiwa miguu. Mimi sitaongeza kitu kwenye sifa hiyo. Nitafika wakati vijana wanashusha mahema. Lakini kilomita 42.195 ni zilezile kwa kila mtu, na wachangiaji wangu wanalipa kwa kilomita, hawalipi kwa dakika. Ukiahidi shilingi mia tano kwa kilomita, nikimaliza unatoa elfu ishirini na moja na chenji. Ada ya kujiandikisha nalipa mwenyewe, raba nanunua mwenyewe, hakuna kinachochomolewa humo.

Hilo la ada nalisema makusudi. Kwenye mbio nyingi za hisani ada inapita kwenye jezi, maji, medali, spika na jukwaa kabla ya kumfikia mlengwa. Ni gharama halali, mbio haziandaliwi kwa maombi. Ila anayedhani akishalipia jezi amesomesha mtoto, apige hesabu upya. Zipo mbio ambazo lengo lake linaeleweka: NBC Dodoma Marathon imejijengea jina kwa kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mtu anajua anamkimbilia nani. Lakini ukisema "elimu", ndani yake mna rangi ya ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu na mna kikombe cha uji, na vyote viwili vitaandikwa kwenye ripoti kwamba ni mchango wa elimu.

Anayekimbia marathoni ya Julai lazima aanze kujenga miguu Februari au Machi. Siku za wiki natoka alfajiri, nashika barabara ya Dar es Salaam kupitia Nzuguni, nikifika upande wa Ihumwa nachepuka kwenye njia za vumbi kukwepa malori. Miezi hiyo Dodoma ni ya kijani. Mtama na uwele vimefika kiunoni, ardhi inanuka mvua, na mgeni anaweza kuapa kwamba hapa hakuna shida ya chakula. Mwenyeji anajua kwamba huo ndio wakati ghala liko tupu. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Kilichovunwa mwaka jana kimeisha, cha mwaka huu bado kiko shambani, na mikono yote ya nyumbani inatakiwa kupalilia, hata mikono midogo.

Kwenye njia hizo ndiko ninakokutana na wanafunzi. Mmoja ana ufagio wa chelewa, mwingine kidumu cha maji cha lita tano, kwa sababu darasa linafagiliwa na wao na maji yanabebwa na wao. Wananiamkia shikamoo kwa kwaya, halafu wanaanza kunikimbiza. Kuna binti mmoja, kidumu kichwani, yeboyebo miguuni, moja imefungwa kwa waya, alikwenda na mimi sambamba hadi kwenye mti wa njia panda bila kumwaga tone. Akaniuliza, "Anti, unakimbizwa na nani?" Nikamwambia sikimbizwi, nafanya mazoezi. Akanitazama kwa huruma. Nikawauliza kama wamekunywa chai. Wakajibu, "Tutakunywa tukirudi." Kurudi kwenyewe ni saa nane na kitu mchana.

Nadhani mkimbiaji ana faida moja juu ya wafadhili wengine: jambo hili analijua kwa mwili wake. Misuli na ini vinaweka akiba ya sukari inayoitwa glaikojeni, na kwa wengi wetu akiba hiyo inaanza kukata baada ya kilomita thelathini hivi. Miguu haijavunjika, pumzi ipo, ila kichwa kinagoma. Nimewahi kusimama chini ya mbuyu nikitafuta 42 kutoa 31, jibu lisije. Nikatafuna kiganja cha zabibu na dakika chache baadaye nikawa mtu tena. (Zabibu, kwa taarifa ya wanaonunua jeli za wakimbiaji kwa bei ya nyama: zinalimwa hapahapa, zina sukari, na hazinati mfukoni kama umezifunga vizuri.) Sasa mchukue mtoto wa darasa la tatu aliyetembea na kidumu bila kitu tumboni, mkalishe kwenye dawati jipya lenye nembo ya mfadhili, halafu mwandikie ubaoni hesabu za kugawanya.

Mwalimu mkuu wa shule mojawapo nilimfuata kumuuliza wanahitaji nini. Jibu la kwanza lilikuwa la mgeni: madawati, vitabu, uzio. Tulipozoeana akanifungulia daftari la mahudhurio. Alama za waliokuwepo na wasiokuwepo zimejazwa kwa peni mbili tofauti, na huhitaji kuwa mtaalamu wa takwimu kuzisoma. Kuna kurasa zimejaa alama za wasiokuwepo, kisha ghafla wiki mbili safi, kisha zinaanza kutapakaa tena. Nikauliza zile wiki mbili kulikuwa na nini, mtihani? "Hapana dada yangu, tulipata gunia la unga. Tulipika uji." Akafunga daftari akaenda kumfokea kijana aliyekuwa anapanda mpapai.

Watu wa mjini wanaponiambia elimu ni bure, ninawaelewa, na si uongo mtupu. Tangu Januari 2016 mzazi halipi ada shule ya msingi wala sekondari hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Ni jambo kubwa. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Chakula kinaendeshwa kwa makubaliano ya kijiji: kila kaya debe la mahindi au mtama, na kiasi cha maharage, vinakusanywa shuleni. Mwaka mzuri utaratibu huo unakwenda, na mimi nauheshimu. Tatizo ni kwamba mvua zikikata Februari, mzazi anayedaiwa debe hana debe. Mtendaji wa kijiji anaweza kumwita ofisini mara kumi, mtama hautatoka ofisini.

Majengo yana mwenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa klabu ya mbio, tunaochangisha pamoja. Fedha za UVIKO-19 peke yake zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati ya hayo kwenye shule shikizi, zile zinazowekwa karibu na vitongoji ili wadogo wasitembee mbali. Darasa likikosekana kuna mbunge atakayeulizwa, kuna bajeti, kuna ziara. Uji ukikosekana haulizwi mtu, isipokuwa yule mzazi ambaye hana. Kama mtu atanibana nitaje cha pili baada ya chakula, nitasema vyoo vya wasichana, kwa sababu kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na shule nyingi ziko mbali na hapo. Lakini cha kwanza ni sufuria.

Hoja wanayonitolea kwenye kamati yetu ya michango ni kwamba uji unaliwa unaisha, dawati linabaki. Mwenzetu mmoja, mtu mzima na mwenye busara zake, aliongeza kwamba tutawazoesha wazazi kutegemea. Hii ya pili naiona nzito, ndiyo maana sipendekezi kulisha shule mwaka mzima. Napendekeza Januari hadi Machi tu, ile miezi ya ghala tupu, mpaka mahindi mabichi na maboga yaanze kutoka. Mavuno yakiingia, debe la mzazi lirudi kwenye nafasi yake. Ile ya kwanza siioni nzito hata kidogo. Dawati linabaki, ndiyo, na mimi nimeyaona mengi yaliyobaki, miguu juu, nyuma ya ghala la shule. Mtoto aliyejua kusoma kwa sababu Februari alikuwa darasani naye anabaki.

Na tazama jinsi kalenda inavyotusaidia. Mbio ni Julai. Julai mtama umevunwa, na bei iko chini kuliko itakavyokuwa Januari. Hili kila mama wa Soko la Majengo atakuambia bila kumlipa ushauri. Ukienda Kibaigwa, kule Kongwa, wakati wa mavuno, utaona malori yamepanga foleni kununua nafaka za kwenda mikoa mingine. Nafaka hiyohiyo inarudi kwetu miezi sita baadaye na bei nyingine. Kwa hiyo hela ya marathoni ikitoka kwenye simu za wachangiaji Julai na kuingia kwenye magunia Agosti, thamani yake inanenepa tukiwa tumelala. Serikali yenyewe inafanya hivyo kwa taifa zima: maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Kizota hayapo kwa urembo. Sisi tunataka la kwetu dogo, la shule chache.

Fukusi ni adui, lakini dawa yake inajulikana. Mifuko isiyopitisha hewa inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ukikausha mtama vizuri na kufunga kila mfuko barabara, wadudu wanakosa hewa wanakufa wenyewe, bila kunyunyizia sumu kwenye chakula cha watoto. Panya nao wanataka ghala lenye mlango unaofunga. Halafu kuna mambo ambayo wafadhili huyasahau kwa sababu hayapigiki picha: posho ya mama mpishi, kuni au gesi, hela ya kusaga, na maji. Ukinunua magunia bila mpishi, umewapa walimu kazi ya kupika, na kipindi cha kwanza kitapotea kwenye moshi. Sukari kidogo, karanga za kusaga tuweke kama tunaweza, maana Dodoma karanga si za kutafuta kwa tochi. Vikombe kila mtoto anakuja na chake.

Mazoezi yanaendelea. Upepo wa Juni na Julai hapa kwetu unakuja na vumbi na baridi ya asubuhi inayochana midomo, na mlima wa kupanda Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, haujawahi kumhurumia mtu. Mzee mmoja anayekaa na mbuzi wake karibu na reli huniamkia "Mbukwa!", nami namwitikia mbukwa, halafu huwa anaangalia saa ya mkononi kama kocha. Ahadi zimeanza kuingia, nyingine kwa majina ambayo sikuyategemea, na mweka hazina wetu ana ukali wa kamati ya harusi, jambo ninaloliunga mkono.

Kamati inakutana mwisho wa mwezi kuamua. Najua mfadhili mmoja mkubwa anataka kitu chenye nembo yake, na simlaumu, hela ni yake. Kwa huyo nina pendekezo tayari: mlango wa ghala la mtama ni mpana, ni wa bati, na fundi rangi wa pale kijijini ana brashi. Herufi atazifanya kubwa kadiri mwenye hela anavyotaka.